Sufuria Isiyo na Mawese

Yaya, nanyi wote hapo uani,

Mama mwenye nyumba hapa Guangzhou amenipa zawadi ya Mwaka Mpya wa Kichina: kisanduku chekundu, na ndani, juu ya kitambaa cha hariri, vitu vyeusi vikavu kama mabaki ya makaa kwenye mbabula. Nikapokea kwa mikono miwili. Jirani yangu Mzanzibari akanitajia bei, nikatafuta kiti.

Ni jongoo bahari. Kwao Unguja wanamfuga pwani, wanamtoa matumbo, wanamchemsha, wanamkausha, anapanda meli. Wao wenyewe hawamgusi mdomoni. Huku anaitwa haishen, yaani jinsengi ya bahari; jinsengi ni ile mizizi ya dawa ya Wachina. Wareno walimwita bicho do mar, mdudu wa bahari. Jina likapindishwa likawa bêche-de-mer. Kwa sisi tuliofundishwa Kifaransa kwa fimbo, hilo ni sepetu la bahari!

Sasa sheria zake. Analoweshwa, anachemshwa, analoweshwa tena, maji yanabadilishwa kila siku, mpaka avimbe. Na sufuria isiwe na hata tone la mafuta, la sivyo anayeyuka. Yaya, sufuria yangu unaijua, ulinifungia mwenyewe: sombe na mawese vimeingia mpaka kwenye mishikio. Nikasugua kwa majivu, kwa ndimu, kwa sabuni. Mama mwenye nyumba akapitisha kidole, akanusa, akamwita mumewe naye anuse. Nimemnunulia mdudu sufuria mpya.

Akaiva. Anateleza, anadunda kwenye meno, na ladha yote ni ya mchuzi. Nikakunja uso, mimi niliyepigania vinkubala vya mwisho, wale viwavi wetu, kwenye sahani na watoto wa shangazi!

Mzee mmoja wa mtaa wa Yide, wanakouza vikavu vya baharini, alitusikia mimi na jirani tukiongea Kiswahili, akataka nimletee gunia la jongoo bahari kutoka kwetu. Nikamwonyesha mji wetu wa Kamina kwenye ramani ya simu: bahari iko zaidi ya kilomita elfu moja, upande wowote utakaoshika. Akaikuza ramani, akaona reli, akafurahi: basi mzigo utafika! Nilikosa Kichina cha kumweleza treni yetu. Hata kwa Kiswahili huwa tunaishia kuguna. Ajabu, nilijikuta nikiisifu, mimi niliyelala juu ya mizigo kituoni nikiilaani.

Mtu akipita kwenda Lubumbashi kupanda ndege, mpeni vinkubala, na mawese kwenye chupa iliyofungwa sawasawa. Hii sufuria mpya ni safi mno, inanitia upweke.