Beseni Chumbani kwa Mama

Kimbunga Beryl kilitua pwani ya Texas alfajiri ya tarehe 8 Julai 2024. Sisi tulikuwa Houston, tumejibanza ukumbini: mimi, mke wangu, watoto, na mama mkwe aliyetoka Tanga kuja kumlea mjukuu. Umeme ulikatika, kwetu na kwa wateja wengine zaidi ya milioni 2. Kufikia adhuhuri dari ya chumba cha Mama ilikuwa imetota, na maji yakaanza kudondokea msala wake. Akaukunja, akatega beseni.

Siku ya tatu fundi wa paa akabisha hodi. Bima italipa yote, akasema, nyie hamtatoa hata senti moja. Tia sahihi hapa. Nilishika kalamu. Nyumba yetu ina bima ya dola 300,000, na upepo ukiharibu, asilimia 2 ya thamani hiyo ni juu yetu: dola 6,000. Hatukuwa nazo.

“Baba Salma, ngoja,” mke wangu akasema. “Hiyo elfu sita analipa nani?”

Fundi akajibu kwamba ataiongeza kwenye ankara. Yaani bima idanganywe kwa sahihi yangu! Texas imepiga marufuku mchezo huo kwa sheria. Lakini jimbo hilohilo halimdai fundi wa paa leseni, kwa hiyo mwenye ngazi na gari yeyote anaweza kukugongea mlango dari yako ikiwa bado inavuja. Hilo linaniuma mpaka leo.

Nilimrudishia kalamu yake. Tukafunika paa kwa turubai, tukamngoja mkadiria hasara wa bima. Hundi ya kwanza ilikuja pungufu, maana walikata uchakavu wa vigae. Kilichobaki hulipwa kazi ikiisha na ukionyesha kwamba fungu lako umelitoa. Jirani akatuelekeza kwa fundi aliyemwezekea yeye. Huyu alikubali tumlipe ile 6,000 kidogo kidogo, kwa mkataba wa maandishi, na sheria inautambua mkataba wa namna hiyo.

Vigae vipya vilipigwa kwa siku mbili. Mama hakuliondoa beseni. Mvua kubwa ikanyesha usiku kucha, nami nikalala macho nikisikiliza. Asubuhi nilimkuta uani, beseni limejaa povu, anafua nepi za mjukuu.