Mhadhara Mkuu wa Matumbo, Likasi

Waheshimiwa wakubwa wa mji, wamama na wapapa wa Kikula na Panda, nanyi wanafunzi mnaosukumana mlangoni: kimya! Anayesema ni Bingwa wa Matumbo. Cheo hiki vyuo vikuu vilichelewa kunipa, nikajipa.

Mnadhani kula ndiko kupata lishe. Ujinga mtupu! Bukari ya mahindi inaweza kujaa sahani, mboga ya sombe ikafurika, na mtu akabaki hana damu. Tumbo, wapenzi wangu, ni kiwanda chetu cha Shituru. Tangu 1929 pale mawe hulowekwa kwenye asidi ili yaachie shaba. Tumbo nalo lina asidi yake, kisha utumbo mwembamba, mita 6 hivi, huokota kilicho cha thamani. Ukiharibika, utajiri wote unaishia msalani. Kuhara kusikokwisha hunyoa vinyweleo vinavyonyonya chakula. Minyoo ya safura hung'ata ukuta na kufyonza damu. Fitati ya mahindi hukamata chuma na zinki, haiachii. Na ninyi mnaoteremsha sombe kwa chai! Tanini ya chai hukizuia chuma kisipite. Kamulieni ndimu badala yake.

(Mama, niongezee chai. Yangu ni ya kitaalamu.)

Sasa ugunduzi wangu. Vitamini B12 ina kobalti katikati yake. Dorothy Hodgkin alionyesha umbo lake miaka ya 1950. Kobalti! Kwa hiyo mtu wa Likasi hawezi kupungukiwa B12: asimame barabarani, avute vumbi letu la kobalti, ameshiba.

Naona muuguzi ananyoosha mkono. Ndiyo, mama? Anasema vumbi hilo ni sumu. Anasema vitamini hiyo hutengenezwa na bakteria, sisi tunaipata kwenye samaki, nyama, mayai na maziwa. Tena tumbo lisipotoa protini yake maalumu ya kuisindikiza, mwisho wa utumbo mwembamba hauipokei, hata ule ng'ombe mzima. Asante, mama. Umenithibitishia kila neno.

Na wewe kijana? Unasema malori ya kobalti kutoka Kolwezi yanapita katikati ya mji huu, yanaelekea mpakani Kasumbalesa, na unauliza kama mji nao unaweza kuugua ugonjwa huu, ukapitiwa na kila kitu usinyonye chochote.

Kijana, mimi ni mtu wa matumbo. Waheshimiwa, msiniangalie mimi, sikumtuma. Swali linalofuata!