Tupimieni Nyoka: Barua ya Wazi kwa Mamlaka ya Mawasiliano

Kwa Mkurugenzi Mkuu,
Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya,
Nairobi.

KUH: KUPIMWA KWA NYOKA WA SIMU, YULE WA ZAMANI NA YULE ALIYESHONWA UPYA

Mheshimiwa,

Twakuandikia wewe kutoka Majengo, Mombasa, kwa sababu katika jamhuri hii hakuna ofisi nyingine iliyowahi kusimama na kusema: simu hii ni ya kweli, hii ni bandia, na bandia izimwe. Usiku wa tarehe 30 Septemba 2012, ofisi yenu ikiitwa bado Tume ya Mawasiliano, muda wa simu bandia ulikwisha, na zaidi ya milioni moja zikafa bila ya sala ya jeneza. Kabla ya hapo mlikuwa mmeifunza nchi nzima kubonyeza *#06#, kunakili tarakimu 15 zinazotokea na kuzituma kwa 1555, ili kila mtu aijue nasaba ya simu yake. Wako watu mtaani humu walioihifadhi nambari hiyo kuliko ya kitambulisho.

Sasa tuna kesi ambayo *#06# haiwezi kuikata. Baraza yetu imegawanyika kwa sababu ya nyoka wa mchezo wa simu. Upande mmoja wasema nyoka wa Nokia 3310 iliyorudi madukani mwaka 2017 amempita mbali yule wa zamani: ana rangi, amenawiri, apendeza. Upande wa pili wasema huyo si nyoka, ni pambo. Ugomvi huu umeshavunja michezo ya dhumna na kupoza kahawa ya watu. Kwa kuwa nyinyi ndio mabingwa wa kutenga asili na bandia, tumeonelea faili lije kwenu.

Nasaba ya mshtakiwa ni hii. Alizaliwa Finland, ndani ya Nokia 6110 ya mwaka 1997, kwa mkono wa mhandisi aitwaye Taneli Armanto. Hata Armanto hakumtoa hewani. Mwaka 1976 kampuni ya Gremlin ya Marekani ilikuwa imeshaunda mashine ya mchezo iitwayo Blockade, ambamo kila mchezaji aliacha ukuta nyuma yake akijaribu kumzingira mwenzake. Kwa hivyo wale wa baraza yetu wanaoapa kwa jina la asili waambiwe mapema: asili yenyewe ilikuwa marudio.

Lakini tazama alivyorudia. Hakuongeza, alipunguza. Kioo kilikuwa na nukta 84 kwa 48, rangi moja, na batani za namba za kumgeuza nyoka juu, chini, kushoto na kulia. Ndani ya ufukara huo akatia huruma moja tu: nyoka akifika ukutani, mchezo humngojea kwa chembe ndogo ya sekunde, ili kidole gumba kiwahi kumgeuza. Twaamini mtaithamini huruma hiyo, kwani ilitolewa papo hapo na haikuhitaji kujaza fomu.

Kisha ikaja 3310 ya kwanza, mwaka 2000, ndio mwaka Safaricom na Kencell walipoanza kuwauzia Wakenya laini kwa wingi. Wakati huo aliyekuwa na simu mara nyingi hakuwa na salio, kwa hivyo kazi kubwa ya simu ilikuwa nyoka. Nyoka wa pili huyu alifunguliwa kuta: akitoka kushoto huingia kulia. Wazee wa mchezo wakanung'unika kwamba amelegezwa. Walikosea, Mheshimiwa. Ukuta ulikuwa adui wa anayeanza tu. Nyoka akishakujaza kioo, adui wa kweli ni mkia wake mwenyewe. Alipoondolewa ukuta, mchezaji alibakishwa na yale matonge aliyoyala kwa uroho, sasa yamemzunguka yote, na akifa hana wa kumlaumu. Hayo ni maboresho, tena bila ya kuongezwa rangi hata moja. Halafu akaja mulika mwizi, Nokia 1100 ya mwaka 2003, iliyouzwa zaidi ya milioni 250 duniani, na nyoka akaingia hadi kwenye nyumba ambazo stima ilikuwa haijaingia.

Sasa tufike 2017. Kampuni ya HMD Global ya Finland, iliyoanza kazi mwishoni mwa 2016 kwa leseni ya kutumia jina la Nokia, ilisimama Barcelona mwezi wa Februari na kuitangaza 3310 mpya kwa yuro 49. Nyoka alikabidhiwa Gameloft ya Ufaransa amshone upya. Akatoka na rangi zake, kwenye kioo cha inchi 2.4, watu wakapiga makofi.

Hapa ndipo sharia yenu inapotutatiza. Jina la simu ni la leseni. Mshonaji wa nyoka ni mwengine. Babu wa nyoka ni mashine ya Marekani. Lakini tarakimu 15 ziko sawa, kwa hivyo simu ni halali na nyoka wake ni halali. Ilhali baadhi ya zile simu bandia mlizozizima mwaka 2012 zilikuwa na nyoka wa kuiga aliyefuata sharia ileile ya zamani, nukta kwa nukta, mkia kwa mkia. Yaani kwa daftari lenu nyoka aliyebadilika ndiye wa kweli, na aliyebaki vilevile ndiye bandia. Mliizima simu, nyoka hamkumuuliza neno.

Hatuleti lawama bila ya kipimo. Twapendekeza hiki: kila mchezo una tabu mbili, tabu iliyo mchezo na tabu isiyo mchezo. Anayerudia kazi ya mwenzake aiondoe ya pili, aiwache ya kwanza. Ushahidi upo. Mwaka 1993 Nintendo ilitoa Link's Awakening kwa Game Boy, kidude cha mkononi chenye batani mbili tu za kutendea kazi. Mchezaji kutwa alikuwa akifungua menyu kubadilisha upanga na ngao na kiatu, kama mtu anayevua koti kila apitapo mlango. Mwaka 2019 mchezo huo ulirudi kwenye Switch, yenye batani za kutosha, upanga na ngao vikapata mahali pao, na kisiwa kikabaki kilekile na mafumbo yake yaleyale. Tabu ya batani imekwenda, tabu ya kufikiri ipo. Huyo fundi mpeni cheti.

Kipimo hichohicho tumuwekee nyoka wetu. Je, mchezaji wa Majengo alikuwa akilalamika nini? Hakulalamika kwamba nyoka hana rangi. Alilalamika kwamba namba zimefutika kwenye batani, kwamba chaji imekwisha, na kwamba aliyeishika simu hataki kufa upesi ampishe mwenzake. Rangi haikuondoa hata moja katika hayo.

Tena rangi imeleta tabu yake. Kioo cha zamani kilikula mwangaza wa jua: jua likizidi, nyoka huonekana zaidi. Saa saba mchana hapa kwetu, mabati yakiwa hayagusiki, ndio wakati yeye alikuwa mweusi barabara. Kioo cha rangi chategemea taa yake ya ndani, na taa hiyo yashindana na jua la Mombasa, jambo ambalo hata watu wazima hawalijaribu. Waliotengeneza simu walilijua hilo, maana walijisifu kwamba kioo kimetiwa utando maalumu wa kukisaidia kusomeka juani. Wameleta dawa ya maradhi waliyoyabeba wenyewe, na dawa nayo wameihesabu kuwa maendeleo.

Kisha ikaja tabu ya bando. Mwaka huohuo nyoka aliingizwa pia kwenye Messenger ya Facebook. Nyoka aliyekuwa mkaazi pekee wa simu asiyekula salio, aliyemliwaza mtu anayesubiri kupigiwa kwa kuwa yeye hana cha kupigia, sasa naye ataka data. Katika michezo yote ya dunia tulidhani huyu ndiye angebaki na maskini.

Sisi watu wa Majengo hatupingi kujengwa upya. Jina la mtaa lenyewe linatosha kuwa dhamana. Nyumba ya Kiswahili yabomolewa, gorofa yasimama, ina vigae, ina choo ndani, ina tangi juu, na mwenye nyumba ana haki ya kujisifu. Kitu kimoja tu hakikuchorwa kwenye ramani: baraza. Na nyoka wa zamani alikuwa mchezo wa baraza, simu moja kwa watu sita, kila mmoja akiuombea mkia wa mwenzake mema kwa mdomo na mabaya kwa moyo.

Vijana wetu watajibu kwamba tunachokipenda ni ujana wetu, nyoka ni kisingizio. Hoja hiyo ina nguvu, ndiyo maana hatutaki kuiamua wenyewe. Twaomba yafuatayo:

Kwanza, mtume mkaguzi mmoja Majengo, saa saba mchana, mwezi wa Februari, bila ya mwavuli.

Pili, aweke simu mbili barazani, ya 2000 na ya 2017, zote hazina salio wala bando.

Tatu, waamuzi wawe watoto ambao hawajawahi kumiliki ya kwanza wala kusikia sifa zake. Sisi tuliokwisha kuzeeka nayo tusimame mbali na tufungwe midomo.

Nne, asiulizwe mtoto yeyote ipi ni nzuri. Ihesabiwe tu ni simu gani watoto wanagombania baada ya saa moja, na ni gani imewekwa chini ikiwa nzima, ina chaji, haina mtu.

Tano, ikishinda ya 2017, tutatia sahihi na tutakiri kwa kipaza sauti. Ikishinda ya 2000, mtafute jinsi ya kuiandika kwenye daftari lenu, kwani tarakimu 15 hazina nafasi ya jambo kama hilo.

Gharama za kahawa ni juu yetu. Nauli ya mkaguzi ni juu yenu.

Wenu, tunaongoja zamu,
Wana-baraza wa Majengo

Nakala:
HMD Global, Espoo: kwa taarifa.
Gameloft, Paris: kwa taarifa, na mkitaka kujibu mje saa saba.
Fundi simu wa mtaani: kwa utekelezaji, ile 3310 ya zamani batani ya 4 imekwama, na bila ya hiyo nyoka hageuki kushoto.