Chura Mwenye Makengeza

Tairi la mbele kushoto lilipoanza kutoa nyuzi nilijua sina tena uongo wa kumwambia mama watoto. Lilikuwa tairi la miezi minne. Upande wa nje lilikuwa na kashata zake zote, zinang'aa kama siku niliyolinunua. Upande wa ndani kipara kitupu, kama mtu aliyenyolewa nusu kinyozi akakatikiwa umeme.

"Hilo gari lako linakula matairi kuliko watoto wanavyokula mkate," mama watoto akasema, ameinama kulichungulia. "Na watoto angalau wanakwenda shule."

Gari lenyewe ni Eunos Roadster ya mwaka 1992. Viti viwili, kilo mia tisa na ushee, boneti ndefu, na taa zinazolala ndani ya bodi hadi ubonyeze kitufe, hapo hufumbuka zote mbili kwa mshangao. Watoto wa mtaani kwetu Tabata walilipa jina siku ileile lilipofika: Chura. Wajapani walilitoa mwaka 1989. Ulaya likaitwa Mazda MX-5, Marekani likaitwa Miata, kwao Japani wakaliita Eunos Roadster. Majina matatu, kama mtu anayekimbia madeni. Lakini kazi waliijua: mwaka 2016 walitengeneza la milioni moja, na hakuna gari la michezo la viti viwili lililowahi kuuzwa zaidi kuliko hilo. Kati ya hayo milioni, yaliyofika Dar es Salaam ni machache kiasi kwamba tukikutana barabarani tunapigiana honi kama watu wa kijiji kimoja.

Wakati naliingiza nchini, serikali ilinishauri kwa njia yake ya upole: ikanitoza kodi ya uchakavu. Sikusikia.

Sasa, kwa msomaji ambaye gari lake halina adabu mbaya kama langu, nieleze kidogo. Magurudumu yana magonjwa mawili ya maumbile. La kwanza ni makengeza: ukiyatazama kwa juu, badala ya kuangalia mbele yote mawili, moja linaangalia Kigamboni na jingine linaangalia Ubungo. La pili ni matege: ukiyatazama kwa mbele, hayakusimama wima, yameinama ndani au nje. Magari mengi ya mjini hurekebishwa makengeza ya mbele tu, basi, mwenyewe anakwenda zake. Chura hakuumbwa hivyo. Kila gurudumu lake limeshikwa na amu mbili, ya juu na ya chini, na amu ya chini imefungwa kwa bolti mbili ambazo washa zake zina alama pembeni kama uso wa saa. Ukizungusha bolti, amu inasogea. Bolti mbili kwa magurudumu manne ni nane, na ukigusa moja umezichokoza zote. Hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati huo nilijua tu kwamba nikiachia usukani, gari linakwenda kuwasalimia wauza mihogo.

Nikaanza kwa wenye mashine. Duka moja kubwa la matairi, barabara kubwa, vioo, kiyoyozi, kahawa ya bure, na kompyuta yenye kamera inayosoma magurudumu bila kuyagusa. Nikasema leo yamekwisha. Yalikuwa hayajaanza. Chura alishindwa kupanda jukwaani, kidevu kiligonga chuma akiwa bado na hatua mbili. Vijana wakaleta mbao. Mbao hazikutosha, wakaleta mbao za mbao. Nusu saa baadaye akapanda, huku wateja wote wametoka kwenye kiyoyozi kuja kuangalia, na mmoja anapiga picha.

"Bosi, hii ni gari gani?" kijana wa kompyuta akauliza.

"Eunos."

Akatafuta. Hakuna Eunos. Nikamwambia ajaribu Mazda. Akafungua Mazda, akashuka na orodha kwa kidole, akafika kwenye jina analolijua, uso ukamchangamka. "Demio!" Nikamwambia siyo Demio. Akanitazama kama mtu anayebishana na daktari. "Bosi, Mazda ni Mazda."

Kwenye skrini zikatokea namba za mbele nyekundu na za nyuma nyekundu. Akaingia chini na spana, akakaza kidogo huku, akalegeza kidogo kule, za mbele zikawa kijani. Nikauliza za nyuma je? Akasema nyuma hairekebishiki. Ni kweli, kwa Demio. Nyuma ya Demio ni mhimili mmoja mgumu, hauna cha kuzungusha. Nikamwonyesha namba nyekundu. Akazitazama kwa huruma.

"Hizo ni za kuzaliwa nazo, bosi."

Nililipa elfu arobaini nikapewa karatasi yenye picha ya Demio. Nilipotoka getini Chura akavuta kushoto kwa nguvu mpya, kama aliyetukanwa.

Kituo cha pili kilikuwa gereji bubu chini ya mwarobaini. Fundi pale hakuhitaji kompyuta. Alirudi nyuma hatua kumi, akafumba jicho moja, akachuchumaa, akasema shokapu zimekufa, bushi zimekufa, na gari lenyewe liko chini mno ndiyo maana linaona haya. Ana springi za Corolla, akanifungulia roho, tutalinyanyua liwe gari. Nikamshukuru. Kituo cha tatu wakanielekeza kwa watu wa malori, ambao wana shimo refu na vipimo vya kutosha semitrela. Pale sikuhudumiwa. Walicheka mpaka mmoja akakaa chini, kisha wakaninunulia soda.

Nimefikiria sana tangu siku zile kwa nini mji uliojaa mabango ya alaimenti, karibu kila kona, ulinishinda. Mashine zipo na ni nzuri. Kilichokosekana ni mtu wa kusema, "Gari hili silijui, ngoja niulize." Sentensi hiyo haipatikani Dar kwa bei yoyote. Hata mimi siitumii kazini kwangu.

Aliyeniokoa ni muuza spea wa Gerezani, nilikokwenda kutafuta tairodi ambayo sikuihitaji, nimeshauriwa na dereva wa bodaboda. Akamwangalia Chura, akaniangalia mimi, akasema nenda Temeke, kuna mzee. Ukifika ulizia mzee wa magari ya mashindano. Hana bango.

Kweli hakuwa na bango. Alikuwa na sakafu ya saruji, paa la bati, na ukutani picha ya Datsun 240Z iliyopauka mpaka vumbi la kwenye picha na vumbi la juu ya picha havitofautiani. Gari hilo lilishinda Safari Rally mwaka 1971 kwa mikono ya Edgar Herrmann, na 1973 kwa mikono ya Shekhar Mehta. Mzee anasema miaka ile alikuwa mtoto wa gereji, kazi yake kumshikia fundi taa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Zima injini, utanitia wazimu."

Hakuuliza gari gani. Alizunguka mara moja, akafungua mlango wa dereva, akapiga magoti akasoma kibandiko chenye Kijapani ambacho mimi nilikuwa nakiona kila siku kama pambo. Katikati ya michoro ile kulikuwa na namba moja, 1.8, kiasi cha upepo kwa kipimo chao. Akachukua kipima upepo. Matairi yote yalikuwa na paundi arobaini, kwa sababu Dar kila anayejaza upepo hujaza kama anapuliza puto la harusi. "Hili linataka ishirini na sita," akasema. "Mimi hapa sijapima chochote bado. Wewe umekuwa ukiendesha mpira." Akaacha upepo utoke, taratibu, gurudumu moja baada ya jingine, hana haraka, mimi nasikiliza fedha zangu za miezi minne zikipiga mluzi.

Kisha akaingia chini. Zile bolti nane zilikuwa zimeota kutu, kutu ya theluji yenye chumvi ya Japani ikaongezewa kutu ya upepo wa bahari yetu. Akazimwagia mchanganyiko wa dizeli na kitu kingine alichokataa kukitaja, akaniambia nirudi kesho. Kesho yake saba zikazunguka. Ya nane, nyuma kushoto, ikagoma. Alijaribu spana ndefu, akajaribu bomba kwenye spana ndefu, kisha akaacha kabla haijakatika. "Bahati nzuri imegoma karibu na pale inapotakiwa," akasema. "Hizi nyingine zitaizunguka. Ni kama mjumbe mbishi kwenye kikao."

Ikaja zamu ya vipimo, na hapo ndipo nilipotarajia mashine ifunuliwe turubai. Mzee akatoa mshipi wa kuvulia samaki. Akaufunga kwenye stendi za chuma, kila upande wa gari mmoja, usawa wa katikati ya magurudumu, akapima kutoka kitovu cha gurudumu hadi kwenye mshipi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Nyuma ya Chura ni pana kidogo kuliko mbele, na hilo alilijua bila kuambiwa, akaacha tofauti yake. Mishipi ilipokuwa sambamba akaanza kupima rimu kwa rula ya shule: ukingo wa mbele hadi kwenye mshipi, ukingo wa nyuma hadi kwenye mshipi. Gurudumu la nyuma kulia lilitofautiana milimita saba. Saba! Kijana wa kompyuta alikuwa ameniambia ni za kuzaliwa nazo.

Kwa matege alihitaji timazi. Yake ilikuwa imepotea, au imeibwa, alitaja na jina la aliyeiba. Upande wa pili wa uchochoro kulikuwa na waashi wanajenga ukuta wa uzio, wamefika kozi ya nne. Mzee akavuka, akaongea nao, akarudi na timazi yao mkononi. "Mara moja tu," nilimsikia akiwaambia.

Akaishusha kutoka ukingo wa bodi juu ya tairi mpaka uzi ukaning'inia mbele ya rimu, ule uzito wa shaba unazunguka polepole juu ya sakafu. Akausubiri utulie. Mtu huyu ana uwezo wa kusubiri uzi utulie ambao sijauona kwa mtu mwingine yeyote, hata hospitali. Kisha akapima juu ya rimu, akapima chini ya rimu, akaandika kwa chaki sakafuni.

"Una kilo ngapi?" akauliza ghafla.

"Themanini na mbili."

Akaliangalia tumbo langu, akakubali kwa heshima kuiandika themanini na mbili. "Kaa kwenye kiti cha dereva. Gari jepesi hili, dereva akikaa linabadilika mkao. Na usisogee."

Nikakaa. Jua lilikuwa limehamia kwenye kioo cha mbele. Kwa muda wa saa mbili na nusu nilikuwa kifaa. Nilikatazwa kuegemea mlango, nikakatazwa kupokea simu kwa mkono wa kulia, kijana wake aliniletea maji nikakatazwa kuyanywa mpaka gurudumu lile liishe. Mzee anazungusha bolti robo ya alama, anatoka chini, anasukuma gari mbele na nyuma likae sawa, mimi nikiwemo ndani kama mtoto mchanga kwenye beseni, anasubiri uzi, anapima, anarudi chini. Mara mbili waashi walimtuma mtoto kuja kuulizia kitu chao. Mara mbili mzee alijibu bila kutoa kichwa: "Namalizia."

Saa kumi alasiri akasema shuka. Miguu ilikataa. Akanitoza elfu sitini, na kwa sababu nilikuwa nimeshatoa elfu arobaini kwa aliyeharibu, nililipa bila kufungua mdomo wa kuomba apunguze, jambo ambalo sikuwa nimelifanya tangu nizaliwe.

Nilirudi na Barabara ya Mandela. Baada ya Buguruni pakawa wazi kidogo, nikanyanyua vidole kutoka kwenye usukani. Chura akaenda mbele. Siyo kushoto kwa wauza mihogo, wala kulia kwenye lori. Mbele. Nilipiga honi bila sababu, mwenye bajaji akanitukana, nikamshukuru.

Hiyo ni miezi mitano sasa. Matairi yanaliwa sawasawa, nje na ndani, kama sahani ya watu waliolelewa vizuri. Wiki iliyopita nikampelekea mzee kilo mbili za sukari na kumsalimia. Nilimkuta amesimama uchochoroni na timazi mpya, anapima ukuta wa jirani. Waashi wale, mkubwa wao alipowahimiza mchana ule na timazi yao iko kwangu, walipandisha kozi tatu kwa jicho. Wakaendelea juu yake, wakapiga lipu na kupaka rangi. Mzee akausubiri uzi utulie, akapima juu, akapima chini, akaandika kwa chaki kwenye rangi mpya.

"Matege," akaniambia kwa sauti ya chini. "Na wenyewe hauna bolti."

Ukipita Temeke ukauona ukuta wa kijani unaoinamia uchochoroni, tafadhali usiegemee.