Shujaa Huyu Ana Asilimia Ngapi?

Pembeni mwa Soko Kenya, mjini Lubumbashi, yuko fundi anayetengeneza simu, redio, pasi na chochote kingine kinacholetwa kikiwa kimekata roho. Huuza pia vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Usiku SNEL wanapokata umeme, yaani usiku mwingi, rafu yake hubaki na wazungumzaji wanne. Wa kwanza ni CHUI MWEUSI, shujaa wa plastiki wa inchi 6, ndani ya katoni lenye dirisha, aliyewekwa rehani na mtu aliyetoka Johannesburg. Anayefuata ni FEKI, mwenye mwili wa Superman, kichwa cha Batman na nembo ya buibui kifuani. Katoni lake mwenyewe lilishafungia karanga. MAMBA amechongwa kwa malakiti, jiwe la kijani la Katanga. Na pembeni, chini ya kitambaa, iko bunduki ya kupimia madini, betri imeisha, waya umechomekwa ukutani ukingoja umeme. Wachimbaji huziita bunduki hizo zote METOREX, hata zile ambazo kampuni ya jina hilo haikuzitengeneza.

CHUI: Nani amegusa katoni langu?

MAMBA: Panya.

CHUI: Pembe ya kushoto imebonyea! Papa Mamba, unajua pembe moja inashusha bei kiasi gani? Marekani wapo watu wasiofanya kazi nyingine. Unatumwa kwao, wanakukagua, wanakupa alama kati ya 100, halafu wanakufungia ndani ya kasha la akriliki. Ukipata 95, watu wanakugombania mnadani.

MAMBA: Na ukishafungiwa unafanya nini?

CHUI: Ninakuwa na 95.

FEKI: Unapigana na nani, yaya, kaka yangu?

CHUI: Kupigana! Siku nikifunguliwa, thamani yangu imekwisha.

FEKI: Mimi kule mtaani Katuba nilipigana na mbuzi. Akanitoa mkono. Fundi akanichomea mwingine kwa plastiki ya beseni.

CHUI: Naona. Wa kijani. Sikiliza, mdogo wangu, nikufundishe jinsi shujaa anavyopimwa, labda utaacha kujisifu. Kwanza viungo. Kiwiko changu kinakunjika mara mbili, goti hivyo hivyo, na kifundo cha mguu kinalala upande, ndiyo maana naweza kusimama nimetanua miguu nisianguke. Wewe unainua mkono mmoja tu, tena ukiinua unageuka mwili mzima. Halafu rangi. Rangi yangu inafika kwenye mstari inasimama; yako imevuka mpaka bila pasipoti. Ninacho kichwa cha pili kisicho na barakoa, na uso wake haukupakwa kwa brashi, umechapwa kwa mashine, nukta kwa nukta, hadi kivuli cha ndevu. Na mshono! Pale nusu mbili za kalibu zilipokutana pasionekane kitu. Mshono wako unaanza utosini unaishia kisiginoni. Mwisho nyayo. Nyayo hazidanganyi. Zako zimeandikwa nini?

FEKI: China.

CHUI: Si unaona?

FEKI: Na zako, yaya?

CHUI: …

FEKI: Yaya?

CHUI: China. Lakini kwa ruhusa!

MAMBA: Ruhusa nayo ina mshono?

FEKI: Papa Mamba, sisi feki historia tunaijua kuliko hawa wenye katoni, maana ndiyo tunayoinakili. Babu yetu sote ni G.I. Joe, askari aliyetolewa na Hasbro mwaka 1964, mwenye viungo 21 vinavyocheza. Waliogopa kumwita mwanasesere, kwamba wavulana hawatamgusa, wakamtungia cheo kipya. Ikabaki shida moja: mwili wa binadamu hauna hakimiliki, kila mtu anao. Basi wakamtia kovu shavuni. Na kidole gumba cha mkono wa kulia kikawa na ukucha upande wa ndani, ili anayenakili ajulikane.

MAMBA: Kwa hiyo anayetambulika kuwa halisi ni yule mwenye kilema.

FEKI: Kilema chenye kibali, papa. Mimi vyangu ni vingi kuliko vyake, ila havina muhuri.

(Hapa mwandishi anakiri kuwa anampenda Feki. Wahusika wasio na cha kupoteza husema mambo mengi.)

MAMBA: Na forodha mlipita vipi?

CHUI: Hilo tusilizungumze.

FEKI: Tulizungumze! Mwaka 2003, Mahakama ya Biashara ya Kimataifa ya Marekani iliamua kesi ya Toy Biz, kampuni ya Marvel wenyewe. Wanasesere walikuwa wakitozwa ushuru wa asilimia 12, vitu vingine vya kuchezea asilimia 6.8. Na kisheria mwanasesere alikuwa yule anayewakilisha binadamu tu. Basi wakili wa kampuni akasimama mbele ya jaji akasema: mheshimiwa, hawa X-Men si binadamu.

MAMBA: Jaji akasemaje?

FEKI: Akakubali.

MAMBA: Lakini hao X-Men, nilivyosikia, tangu 1963 kilio chao ni hicho hicho, kwamba nao ni watu kama wengine.

CHUI: Kwenye hadithi, ndiyo.

MAMBA: Na forodhani?

CHUI: Forodhani kulikuwa na tofauti ya asilimia 5.2.

MAMBA: Mimi nimewahi kulala mpakani Kasumbalesa ndani ya lori, nikasikia mzigo mmoja ukibadilishwa jina mara tatu kabla haujafika kizuizini. Lakini mzigo kukana utu wake ili ushuru upungue, la, huko Kasumbalesa bado hatujafika. Na wewe Chui, kwenu ni wapi?

CHUI: Wakanda! Watunzi wetu, Stan Lee na Jack Kirby, walituleta duniani mwaka 1966. Nchi yetu ni tajiri kwa sababu ya vibranium, madini adimu.

MAMBA: Nani anayachimba?

CHUI: Kwenye filamu ya 2018 kuna mgodi mkubwa, treni zinaelea, taa za buluu.

MAMBA: Nimeuliza nani anachimba. Shimo lina mita ngapi? Wanawake wanaoosha mawe mtoni wako wapi? Gunia anapimiwa nani, na mnunuzi anakata kiasi gani kwa ajili ya unyevu?

CHUI: Hayo hayakuonyeshwa.

MAMBA: Basi hiyo ni hadithi ya nchi yenye madini, iliyotungwa na mtu ambaye hajawahi kuuza hata gunia moja. Tazama mimi. Malakiti safi ni shaba asilimia 57. Wazee wa hapa waliyayeyusha mawe kama mimi katika tanuru za udongo wa kichuguu, wakamimina misalaba ya shaba, ikatumika kama fedha karne nyingi. Tshombe alipoitenga Katanga na Kongo mwaka 1960, misalaba mitatu ya namna hiyo akaiweka kwenye bendera. Hakuna aliyeuliza katoni la misalaba hiyo liko wapi! Hata ule mlima mweusi pale kwenye bomba la moshi la kampuni ya migodi ya Gécamines, watoto wa mji walikua wakiambiwa ni takataka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukajengwa mtambo wa kuutafuna tena, ukatoa kobalti. Mlima ni ule ule. Kilichobadilika ni anayeupima.

Hapo SNEL wakarudisha umeme. Balbu ikawaka, feni ya jirani ikakohoa, na chini ya kitambaa taa ndogo nyekundu ikafumbua jicho.

METOREX: Weka jiwe.

MAMBA: Mungu wangu, ameamka. Watoto, msimsikilize huyo. Huko Kolwezi, kwenye madepo ya Musompo, wachimbaji wanamjua. Kijana anashuka shimoni, anapanda na gunia ambalo anajua lina asilimia 4, huyu anamsomea 2.

METOREX: Mimi nasoma. Anayetangaza ni yule aliyenishika. Umewahi kuona skrini yangu inaangalia upande gani? Inamwangalia mnunuzi. Mwenye gunia anaangaliwa na mtutu.

FEKI: Anasema kweli, papa.

METOREX: Lakini hapa hakuna mnunuzi, na miezi yote hii nimekaa gizani nikisikia watu wakipimwa kwa pembe za makatoni. Nani wa kwanza? Mzee, njoo wewe mwenye 57.

MAMBA: Mimi nimeshapimwa.

METOREX: Shaba 44.

MAMBA: Mashine mbovu!

METOREX: Gundi siioni, macho yangu hayakuumbiwa gundi. Ila mgongoni una ufa uliojazwa kitu chenye unga wa kijani. Fundi aliyekuchonga alikuwa na mkono mzuri, sikatai.

CHUI: (anacheka kwa pua) Sasa mimi.

METOREX: Sifuri.

CHUI: Sifuri ya nini? Mimi ni plastiki ya daraja la juu!

METOREX: Ndiyo sifa yenyewe, mwanangu. Kwenye kitu cha mtoto natafuta sifuri. Sasa wewe, mwenye vichwa vya watu.

Metorex ikapiga kelele. Si ile kelele ya “nimemaliza” wanayoijua wachimbaji. Hii ilikuwa ndefu.

METOREX: Risasi.

FEKI: Wapi?

METOREX: Kwenye rangi nyekundu ya kifuani. Marekani sheria yao ya 2008 iliteremsha kiwango cha risasi katika rangi ya vitu vya watoto, kutoka sehemu 600 katika milioni hadi 90. Wewe una zaidi ya 11,000.

CHUI: Nilisema! Feki ni feki tu!

METOREX: Taratibu. Mwaka 2007 Mattel, kampuni kubwa kabisa, iliondoa sokoni magari madogo yaliyopakwa rangi yenye risasi. Yale yalikuwa na katoni, muhuri, nyayo, ruhusa na kila ulichokihubiri usiku huu. Wewe umepona. Hukupimwa na mtu hata mmoja, ila umepona.

FEKI: Lakini mimi watoto hawanili. Wananichezea.

METOREX: Mtoto wa miaka miwili humchezea shujaa kuanzia kichwani, kwa meno.

MAMBA: Nawe usimtishe mtoto wa watu. Lubumbashi hii vumbi lenyewe lina madini.

METOREX: Hilo nalo lilipimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa kile cha Leuven walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyushia walikutwa na kobalti nyingi, risasi, kadmiamu, hadi uraniamu. Mkojo hauna katoni, Chui.

MAMBA: Kumbe sisi sote hapa rafuni tunajisumbua bure. Mwenye asilimia nzuri ni mtoto wa Lubumbashi.

Hakuna aliyecheka, isipokuwa Mamba mwenyewe, na yeye kwa sababu ya ule ufa alitaka mazungumzo yahamie kwa mwingine.

FEKI: Utawaambia watu?

METOREX: Kesho nitapiga kelele mpaka wanisikie.

MAMBA: Wewe? Na jina lako lile?

Asubuhi akaja mama mmoja kutoka sokoni, mfuko wa unga kichwani, mtoto mgongoni. Mtoto akanyoosha kidole.

“Papa, hii njo bei gani?”

“Elfu kumi, mama.”

“Na ile ya ndani ya katoni?”

“Ile haifunguliwi.”

“Haifunguliwi? Sasa mutoto atafanya nayo nini?” Akamchukua Feki, akamkunja mkono, akamnusa. “Inanuka. Na huu mkono mbona wa kijani?”

“Njo modeli mpya, mama.”

Metorex ikaanza kulia.

“Kile kitu kinalia nini?”

“Betri,” fundi akasema. Akanyoosha mkono, akaichomoa. “Ya wale wa Kolwezi. Haijawahi kusema kweli. Toa elfu nane.”

“Elfu tano.”

“Sita, na sikurudishii chenji ya karatasi zilizochanika.”

Mama akalipa. Fundi alikuwa bado anahesabu, na kichwa cha Batman kilikuwa kimeshaingia mdomoni hadi masikioni, kifua kikifuata.

“Toa mudomoni, mwana,” mama akasema, akimpiga kidogo mkononi. “Utaharibu rangi.”