Sifa za Ufagio wa Chelewa

Manahodha wametungiwa mashairi, wafalme wamejengewa minara, hata punda wa Lamu wana hospitali yao. Ufagio wa chelewa peke yake umesahauliwa. Nimeona niuondolee dhuluma hiyo, mimi ambaye kibanzi chake kimenikaa chini ya ukucha tangu Ijumaa.

Nasaba yake ni ya unyenyekevu. Kule kwenye milima ya Meghalaya, nchini India, watu hulima nyasi makusudi, wakazingoja zichanue, wapate ufagio laini kama mkia wa paka. Kwetu hakuna aliyepanda mnazi kwa sababu ya ufagio. Mnazi wa Kilifi au wa Kwale hutoa kwanza nazi, kisha tembo, kisha makuti ya kuezekea, na wote wakishashiba ndipo kina mama huketi na kisu kuuambua ukuti, jani baada ya jani, hadi zibaki chelewa tupu. Zikikauka hufungwa kamba, na zile za Kwale zikavushwa feri ya Likoni kichwani mwa mtu. Ufagio ni mrithi wa mwisho, na hajawahi kwenda kwa kadhi kulalamika.

Kazi zake ndogondogo nitazitaja tu. Chelewa huchokolea meno, huwa mifupa ya tiara za watoto, hupimia keki kama imeiva. Na mama zetu walijua kutuchapia miguuni bila kuacha ushahidi. Na kwa kuwa hauna mpini, ufagio huu humwinamisha mwenye nyumba sawasawa na mpangaji.

Lakini fadhila yake kuu, inayostahili kuchongwa juu ya mlango wa nakshi, ni huruma yake kwa taka. Ufagio wa chelewa haumalizi taka, huzisafirisha. Alfajiri, katika kichochoro chetu cha Kibokoni, Mji wa Kale, mimi huyatoa maganda, mchanga na vijiti vya miraa barazani kwangu hadi mpakani kwa jirani. Jirani, mwanamke mwenye heshima zake, hakubali kulala na amana ya mtu, huipeleka mlango wa tatu. Wa tatu anatarajia wageni, basi huisukuma kwa wa nne. Na kila mlango ufagio huongeza sadaka yake, vipande vya chelewa zilizokatika, hata ikifika konani ile taka iliyotoka kwangu mnyonge imekuwa msafara. Imepita milango ambayo mtalii akitoka Fort Jesus hulipa ili aongozwe kuiona. Kisha saa nne upepo wa Kusi huvuma, na ganda la chungwa ambalo sasa nalijua kwa sura hurudi nyumbani.

“Shoga, taka zako zimenitembelea tena,” huniambia jirani.

“Zangu? Hizo zimezaliwa kwako.”

Ufagio huu ungekuwa mtu, ungepewa ofisi yenye kiyoyozi. Maana elimu yake ndiyo inayotumika huko juu. Vijana wa mkokoteni, ambao tunawalipa kila mwezi, huzichukua taka zetu na kuzimwaga kwenye jaa la mtaa wa pili. Pale Kibarani, mlangoni pa kisiwa, jaa lilifuka moshi miaka na miaka kando ya maji ya Makupa. Mwaka 2018 likafungwa, miti ikapandwa, tukapiga makofi; taka zikaelekezwa Mwakirunge, bara ya kaskazini, ambako nako kuna watu wenye pua. Mlango wa tatu, mlango wa nne.

Na jamani, inachosha. Lori la taka likikosa kuja wiki nzima, kona yote inanuka matumbo ya samaki na nepi, na ukienda kuuliza unaambiwa watu wa Mji wa Kale hawana ustaarabu. Sisi! Tunaofagia kabla jua halijatoka, migongo imepinda!

Lakini nirudi kwenye sifa, nisije nikadhaniwa nina kinyongo. Ufagio wa chelewa hupendeza sana kwenye picha. Juzi waheshimiwa fulani walikuja kutusafishia mtaa. Fagio zilikuwa mpya kabisa, glavu nyeupe, fulana zina maandishi kifuani. Kwa kuwa tulikuwa tumeshafagia, ilibidi kijana mmoja amwage majani kidogo ili pawe na cha kufagiliwa. Mheshimiwa mmoja aliushika ufagio kwenye ncha badala ya kwenye shina, chelewa zikamchoma, akaitabasamia kamera hivyo hivyo. Lundo la wiki nzima lilikuwa palepale konani, nyuma ya hema, limefunikwa turubai.

Nikamuuliza kijana aliyeshika orodha ya wageni lori la taka litakuja saa ngapi.

“Limeshakuja, mama,” akanijibu. “Ndilo lile pale. Limebeba viti.”