Kwa Heshima ya Kuchagua Kozi

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Wahenga hawakuwa na intaneti. Kwa heshima zote naomba leo niisifu kazi ya kuchagua kozi ya kompyuta mtandaoni, kazi isiyo na likizo wala mtihani, na iliyo bora kuliko kozi yenyewe.

Fadhila zake ndogo nazitaja nikipita. Haihitaji hesabu. Inafanyika kitandani. Inamaliza bando la usiku ambalo lingeisha muda wake bure. Na mama akiuliza mbona taa haijazimwa, unajibu "nasoma", ukiwa umedanganya kidogo tu.

Fadhila kuu ni elimu. Chukua algoriti. Princeton utawakuta Robert Sedgewick na Kevin Wayne, kwa lugha ya Java, bila malipo na bila cheti. Zoezi lao moja la mwanzo ni kupima kama maji yatapenya kutoka juu hadi chini ya gridi ambayo vyumba vyake hufunguliwa ovyo ovyo. Tim Roughgarden, katika kozi yake ya Stanford, anaanza na kuzidisha namba kubwa kwa njia ya Karatsuba, wala hakulazimishi lugha yoyote ya programu. Masomo ya MIT ya mwaka 2011, ya Erik Demaine na Srini Devadas, yanaanza kwa kutafuta kilele katika safu ya namba, kwa Python. Mbele ya safari wote wanafundisha kupanga orodha na kutafuta njia fupi. Hayo nimeyasoma kwenye mtaala. Mimi ni kama muumini aliyesoma Mwanzo katika tafsiri zote na bado hajui kama Waisraeli walitoka Misri.

Lakini uchaguzi wa haki hauna haraka. Kozi 20 zikilinganishwa mbili mbili, kila moja na kila mwenzake, ni kulinganisha mara 190. Ikitoka kozi mpya, unaongeza mara 20. Hapo ndipo mchaguaji hukomaa: ana jedwali, ana rangi za jedwali, ana safu ya "lafudhi ya mwalimu". Aliyemaliza kozi yoyote kati ya hizo atakwambia kwamba kupata iliyo bora kati ya 20 kunahitaji kulinganisha mara 19 tu: unashika moja, ukiona bora zaidi unabadilisha, unasonga mbele. Ndiyo hasara ya kumaliza kozi. Starehe yote inakwisha.

Na wenye maduka ya kozi wanatusaidia tusimalize. Unabonyeza "Jiandikishe bure", unaombwa kadi ya benki. Video zipo wazi, ila mazoezi ya kusahihishwa yamefungwa kwa kufuli dogo la kijivu. Juu ya ukurasa kuna saa: punguzo linaisha baada ya saa tatu. Kesho yake usiku nalo linaisha baada ya saa tatu. Hiyo ni bei gani? Huyo ni mwalimu au dalali wa Kariakoo?

Mwaka 2012 tuliahidiwa elimu ya vyuo vikubwa kwa dunia nzima. Harvard na MIT waliweka dola milioni 60 kuanzisha jukwaa la kozi la edX. Mwaka 2021 wakaiuza kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800, na mwaka 2024 kampuni hiyo ikakimbilia mahakamani kuomba ulinzi wa mufilisi. Dunia nzima bado inasubiri zoezi lake lisahihishwe.

Tena wengi wa wenye maduka hayo hutoza kwa mwezi, si kwa somo. Nisome nisisome, nichague nisichague, tarehe ikifika dola zinakatwa. Mwanafunzi anayemaliza haraka ni hasara kwao. Anayelinganisha ndiye mteja. Kwa hiyo jedwali langu limekuwa likiwalipa wao mishahara.

Nimebonyeza "Sitisha usajili". Ukurasa umefunguka: "Kabla hujaondoka, tazama kozi hizi." Ya juu ni ya algoriti, kwa lugha ya Go. Mwalimu anaongea taratibu.